Majina ya Gololi za Kale na Tatizo la Kufasili "Aina"

Mtunzi wa kamusi ya Kiswahili anapofikia majina ya samaki, ya shanga, ya nguo au ya miti, mara nyingi huandika maneno mawili kisha akaendelea na kazi nyingine: "aina ya". Neno fulani ni aina ya samaki. Jingine ni aina ya ushanga. Msomaji aliyemjua samaki huyo tangu utotoni haongezewi kitu, na yule asiyemjua hubaki pale pale alipokuwa. Kasoro hii ilikuwamo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, ikaonekana tena katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, wala haijatoweka hata leo. Haitokani na uvivu. Kufasili aina ni kazi ngumu, kwa sababu humtaka mfasili aseme ni kwa alama zipi kitu hiki hutengwa na jirani yake anayefanana naye sana.

Makala haya yanakusudia kulitazama tatizo hilo kwa njia ya mzunguko kidogo. Tutachunguza msamiati wa watu ambao hawana habari na isimu, yaani wakusanyaji wa gololi za kale za kioo, hasa wa Marekani, ambako ukusanyaji huu umekita mizizi tangu miaka ya 1970. Chama chao mashuhuri, Marble Collectors Society of America, kiliundwa mwaka 1975. Mtu aweza kuuliza gololi za watoto zinamhusu nini mwanachuoni wa lugha za Kiafrika. Jibu ni kwamba gololi ni kielelezo kisafi kupita kiasi. Gololi zote zina umbo moja na kazi moja. Karibu zote hazina alama ya kiwanda wala maandishi. Zilitengenezwa kwa mamilioni, zikauzwa kwa bei ya peremende, na waliozitengeneza wengi hawakuacha kumbukumbu za kutosha. Kwa hiyo anayetaka kuzipanga kwa aina na kuzipa majina hana msaada mwingine ila macho yake, na majina aliyoyatoa yanatuonyesha, bila kuchanganyika na mambo mengine, jinsi jina linavyoshikamana na kitu.

Tuanze na jina la jumla. Kiingereza huiita gololi kwa jina la jiwe la marumaru, na Kijerumani vivyo hivyo: neno "Murmel" lina asili moja na "Marmor", yaani marumaru. Majina hayo yalitokana na mawe yaliyochongwa, na yamebaki ingawa kioo kimekwisha kuchukua mahali pa jiwe kwa zaidi ya karne moja. Jambo lilo hilo lilirudiwa katika daraja ya chini. Gololi bora za zamani zilisuguliwa kwa jiwe la akiki katika mji wa Idar-Oberstein nchini Ujerumani. Akiki kwa Kiingereza ni "agate". Na viwanda vya Marekani vilipoanza kumimina gololi za kioo vilijiita Akro Agate, Christensen Agate, Vitro Agate, kana kwamba vyachimba vito. Hakuna hata punje ya akiki iliyopita katika tanuri zao.

Kiswahili kimekwenda njia nyingine. Neno gololi halitaji mata yoyote. Lataja kitu kidogo cha mviringo kinachobingirika, kiwe cha kioo ambacho watoto huchezea, au kiwe cha chuma ndani ya mashine. (Watoto wa Nairobi wana banta na bano, maneno ya mtaani, nayo pia hayataji jiwe.) Yafaa kutambua kuwa historia ya ufundi imeupa haki mgawanyo wa Kiswahili. Mdenmaki aliyehamia Marekani, Martin Frederick Christensen wa Akron, Ohio, aliyepata hataza ya mashine ya kuviringisha gololi za kioo mwaka 1905, alikuwa amekwisha kuvumbua mashine ya kuviringisha gololi za chuma. Alichukua wazo la ile ya kwanza akalitia katika ya pili. Mswahili angesema tu kwamba alitengeneza gololi, kisha akatengeneza gololi.

Utambuzi na alama zake

Wageni katika ukusanyaji hudhani kwamba aina ya gololi hujulikana kwa rangi. Mkusanyaji mzoefu huiacha rangi hadi mwisho. Swali lake la kwanza ni hili: gololi hii ilizaliwaje? Kila njia ya kutengeneza huacha kovu lake katika kioo, na kovu hilo haliwezi kufichwa ila kwa kuisugua gololi yote, jambo linaloiharibu thamani.

Gololi za mkono zilitengenezwa zaidi Ujerumani, katika jimbo la Thuringia, na hasa katika mji wa Lauscha, ambako mwaka 1846 ulibuniwa mkasi wa pekee wenye kikombe kidogo katika ncha moja. Fundi aliandaa ufito mnene wa kioo kiangavu wenye nyuzi za rangi ndani yake, akautia moto, akauvuta na kuusokota, kisha akaikata ncha yake kwa mkasi ule huku akiizungusha ndani ya kikombe hadi ikawa tufe. Kwa kuwa kila gololi ilikatwa pande mbili, ilipotoka ilikuwa na kovu katika ncha zote mbili au, ikiwa ilikuwa ya mwisho wa ufito, katika ncha moja tu. Baadhi ya makovu yalisagwa, mengine yaliachwa makwaruzo. Kwa hiyo kidole cha mkusanyaji hutafuta kovu kabla macho hayajatazama uzuri. Palipo na kovu, na nyuzi zinazopanda kwa msokoto kutoka ncha hadi ncha, ni kazi ya mkono. Pasipo na kovu, ni mashine, au ni udanganyifu.

Baada ya hapo ndipo hutazamwa kiini. Ikiwa katikati mna wavu wa nyuzi nyembamba, nyeupe au manjano, gololi ina kiini cha "latticinio", neno la mafundi wa kioo wa Venice lenye mzizi wa neno la Kitaliano la maziwa. Ikiwa nyuzi zimekusanyika zikawa nguzo moja isiyo na mwanya, kiini ni kizima; ikiwa zimetengana katika mikanda mitatu, minne au zaidi yenye nafasi baina yake, kiini kimegawanyika; ikiwa kuna utepe mmoja bapa, ni kiini cha utepe. Ikiwa kiini kimefunikwa na vipande vidogo vya rangi vilivyovutwa hadi vikawa michirizi inayofanana na mishipa ya ganda la kitunguu, basi hilo ndilo jina lake: ganda la kitunguu. Ikiwa ndani mna vipande vya ulanga vinavyometameta kama vioo vidogo, gololi yaitwa kwa jina la ulanga. Tazama jinsi majina haya yalivyo tulivu: kila moja lasema kile kinachoonekana.

Mashine nayo ina makovu yake. Katika kiwanda cha Christensen huyo wa Akron, kilichofunga mwaka 1917, kioo kilichotwa kwa mkono kwa fimbo ya chuma, kikaachwa kidondoke, kikakatwa, na tone likaangukia katika mifuo ya magurudumu yaliyoliviringisha. Kitendo cha kuizungusha fimbo kiliacha katika ncha moja ya gololi msokoto ulio kama tarakimu ya 9, na katika ncha ya pili mkia au mstari wa kukatwa. Viwanda vya baadaye vilipoacha kuchota kwa mkono, ile 9 ikatoweka. Hivyo tarakimu ambayo hakuna aliyekusudia kuiandika imekuwa sahihi ya kiwanda. Kiwanda cha Akro Agate, kilichoanza Akron kisha kikahamia Clarksburg, West Virginia, mwaka 1914, kilibuni njia ya kuyasokota matone yakiingia mashineni, na matokeo yake ni gololi ambazo rangi mbili au zaidi huzunguka kutoka ncha hadi ncha bila kukutana, mfano wa waya wa kizibuo cha chupa. Kwa sababu hiyo huitwa vizibuo. Anayeona kizibuo cha kweli hahitaji kuuliza ni cha nani.

Alama nyingine nazipitia upesi. Kipimo huchukuliwa kwa inchi na sehemu zake, na gololi ya kawaida ya kuchezea huwa ya sehemu tano kwa nane za inchi, karibu milimita 16. Hali ya uso hupangwa kwa daraja, na ufa mdogo unaoweza kufichwa na ukucha hupunguza bei vibaya sana. Taa ya mwanga usioonekana, yaani ile ya urujuani, hufanya kioo chenye urani king'ae kijani, na hilo nalo husaidia pale macho yanaposhindwa. Ushahidi ulio mzito kuliko yote hupatikana ardhini: wakusanyaji wamechimba mahali palipokuwa na viwanda, wakaokota vipande na gololi zilizotupwa kwa kuharibika, na kwa njia hiyo baadhi ya gololi zilizodhaniwa kuwa za kiwanda hiki zimerudishiwa kiwanda kile.

Majina yasemayo uongo

Hapa ndipo mwanaisimu anapaswa kukaa kitako. Kando ya majina yasemayo kinachoonekana, msamiati huu umejaa majina ambayo, yakichukuliwa kwa maana yake ya neno kwa neno, ni ya uongo. Na wakusanyaji wanajua kwamba ni ya uongo. Na hawana nia ya kuyabadili.

Gololi za mkono zenye mikanda ya vumbi la shaba linalomeremeta kama dhahabu huitwa "Lutz". Jina hilo ni la Nicholas Lutz, fundi wa kioo mzaliwa wa Ufaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha Sandwich, Massachusetts, karne ya 19, na aliyesifika kwa kulitumia vumbi hilo katika vyombo. Hakuna ushahidi kwamba alitengeneza hata gololi moja ya namna hii; zilitoka Ujerumani. Gololi za udongo zilizopakwa rangi ya kahawia au buluu yenye mabaka huitwa "Bennington", kwa kuwa zafanana na vyombo vya udongo vya mji wa Bennington katika Vermont. Nazo zilitoka Ujerumani. Gololi nyeusi zenye mikanda ya rangi juu ya uso huitwa za Kihindi, na India haikuzitengeneza. Gololi kubwa angavu zenye sanamu ndogo ya mnyama au mtu ndani yake huitwa kwa neno la kikemia, "sulphide", ingawa sanamu ile haina kiberiti. Ni mata ya udongo mweupe, na rangi yake ya fedha yatokana na utando wa hewa ulionaswa baina yake na kioo.

Mfano ulio bora zaidi ni ule wa gololi za mashine zenye kioo cha rangi kilichochanganyika na kioo cheupe kizito katika mawimbi yasiyo na mpango. Viwanda vilivyozitengeneza viliziuza kwa jina la kito, "onyx". Wakusanyaji huziita "slag", neno ambalo Mswahili wa zamani angelitafsiri bila kusita kuwa mavi ya chuma, yaani takataka zinazobaki tanurini baada ya kuyeyusha chuma. Jina la muuzaji lilizidisha heshima, na jina la mkusanyaji likaipunguza kupita kiasi. Na katika yote mawili hakuna lililosema kweli kuhusu kioo chenyewe. Hata hivyo, ukimwambia mkusanyaji kwamba unayo "slag" ya Akro, ataiona akilini mwake sawasawa.

Twaweza kutenganisha hapa vitendo viwili ambavyo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Kutambua ni kutumia alama: kovu, kiini, ile 9, msokoto, mahali rangi zilipo. Kutaja ni kuifunga jumla ya alama hizo kwa lebo moja. Alama zaweza kuhakikiwa, na zikikosekana utambuzi umeanguka. Lebo haihakikiwi kwa namna hiyo. Yatakiwa iwe imara tu, ili watu wawili walioko mbali waelewane. Asili ya lebo yaweza kuwa ukweli, kosa, mzaha, au sanduku. Nasema sanduku kwa sababu kuna kizibuo cha Akro chenye kioo kiangavu, nyuzi nyeupe na rangi mbili nyingine, kiitwacho "Popeye", na sababu pekee ni kwamba gololi hizo ziliuzwa katika masanduku yaliyochorwa baharia huyo wa katuni.

Majina mengine yalitolewa na wakusanyaji wenyewe miaka mingi baada ya gololi kutengenezwa. Kiwanda cha Peltier cha Ottawa, Illinois, kiliuza jamii kubwa ya gololi zake kwa jina moja tu la Rainbo. Kwa muuzaji hilo lilitosha. Mtoto mwenye senti hakuhitaji zaidi. Mkusanyaji hakutosheka. Nyeusi juu ya nyeupe akaiita punda milia. Nyeusi juu ya manjano, nyuki bambi. Nyekundu na kijani juu ya nyeupe, mti wa Krismasi. Nyekundu na manjano juu ya nyeupe, achari ya nyanya na haradali. Na ile ya buluu yenye nyekundu na manjano akaiita "Superman". Ni wazi kwamba haya si majina ya kiwanda. Ni kazi ya jamii ya wasemaji iliyohitaji kutofautisha zaidi kuliko ilivyohitaji jamii ya kwanza, na ambayo ilichukua sitiari zake mahali palipokuwa karibu: jikoni, sikukuuni, katika vitabu vya picha.

Gharama ya kutofasili

Mtu asidhani kwamba, kwa kuwa lebo ni huru, basi kila mtu aweza kuitumia apendavyo. Mabishano ya wakusanyaji ni makali, na hutokea pale hasa ambapo lebo imeenea bila alama zake kuandikwa.

Rangi iitwayo "oxblood", damu ya fahali, ni nyekundu nzito ya kutu itokanayo na shaba katika kioo. Akro waliichanganya na rangi nyingi, na kila mchanganyiko ukapata jina lake: wa limau, wa ndimu, wa fedha, wa kiini cha yai. Kwa kuwa jina hilo hupandisha bei, wauzaji walianza kulitia kwenye gololi yoyote yenye wekundu wa kukoza. Wajuzi walilazimika kutamka kile ambacho awali kilieleweka bila kusemwa: kwamba damu ya fahali ya kweli haipitishi mwanga, na kwamba ndani ya wekundu wake mna nyuzi nyembamba nyeusi. Bila nyuzi hizo ni nyekundu tu. Ufasili ulizaliwa siku jina lilipoanza kutumiwa vibaya, na hiyo ndiyo siku ambayo fasili nyingi huzaliwa.

Nyuki bambi naye ana kisa chake. Jina hilo hutumika kwa gololi ya Peltier na pia kwa gololi ya Marble King, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1949. Zote ni manjano na nyeusi, na asiyejua huzitia mkoba mmoja. Lakini katika ile ya Marble King rangi ni ngozi nyembamba iliyovishwa juu ya kioo cha kawaida, ilhali manjano ya Peltier huenda hadi ndani. Ya kwanza hupatikana kwa senti. Ya pili hugharimu zaidi kwa mbali. Fasili isemayo "aina ya gololi ya manjano na nyeusi" ingekuwa sahihi kwa zote mbili, na ingemtia hasara aliyeiamini.

Kisha kuna ile iitwayo "guinea". Ni kazi ya kiwanda cha Christensen Agate, ambacho licha ya jina lake hakikuwa na uhusiano na yule Christensen wa Akron. Kilianzishwa mwaka 1925 huko Payne, Ohio, kikahamia Cambridge katika jimbo lilo hilo mwaka 1927, kikafa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Gololi yenyewe ni kioo kiangavu, kisicho na rangi au cha buluu, kahawia au kijani, na juu ya uso wake pametawanywa chembe za rangi nyingi zilizoyeyuka zikavutika. Jina latokana na ndege, yaani kanga, ambaye manyoya yake yana madoadoa. Chembe zikiwa pia ndani ya kioo, gololi hubadilika jina ikawa "cobra", yaani swila. Tofauti ya kanga na swila ni kina cha chembe, basi. Na gololi moja ya kanga iliyo safi huuzwa kwa mamia ya dola.

Kanga, merikani na sami-sami

Msomaji wa Kiswahili amekwisha kushtuka. Ndege yuyo huyo, kwa madoadoa yayo hayo, alilipa jina vazi la pwani yetu. Maelezo yaliyoenea zaidi kuhusu jina la nguo ya kanga ni kwamba zile za awali, za karne ya 19, zilikuwa na madoa yaliyowakumbusha watu ndege huyo. Leo kanga nyingi hazina doa hata moja, na jina halikutetereka. Mwenye kamusi akifasili kanga kuwa nguo yenye madoadoa atakuwa amefasili asili ya neno badala ya kitu. Alama za kitu ni nyingine: jozi ya vipande viwili vinavyofanana, pindo linalozunguka pande zote nne, mji wa katikati, na maandishi upande wa chini wa mji.

Hali kadhalika merikani. Hii ni bafta nzito isiyopaushwa, iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipoidhoofisha biashara hiyo, nguo za Uingereza na baadaye za Bombay zilichukua nafasi yake, na Waswahili wakaendelea kusema merikani. Hiki ni kisa cha "Bennington" kwa sura nyingine. Jina la mahali lilikwisha kuwa jina la sifa.

Lakini mfano ulio karibu kabisa na gololi, kwa kuwa nao ni wa kioo, ni shanga za biashara ya misafara. Burton katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu nchi za maziwa, na Stanley katika kile cha mwaka 1872, waliandika majina ya shanga hizo kwa sababu iliyokuwa ya lazima: msafiri aliyebeba aina isiyotakiwa alilala njaa. Stanley aeleza kwamba shanga nyeusi zilipokewa Ugogo. Kwamba zile kubwa kama yai, sungomaji, zilipokewa Ujiji na kukataliwa kwingine. Na kwamba zile nyeupe zilizoitwa merikani zilipendwa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Neno merikani, basi, lilikuwa pia jina la ushanga, na shanga za biashara hiyo zilitoka zaidi Venice. Sami-sami nazo zilikuwa nyekundu, na Burton anazipa majina mawili ya utani yaliyotumika pwani, la kwanza likisema kwamba zamaliza chakula, kwa kuwa mwanamume angetoa chakula chake azipate, na la pili kwamba zavunja mji, kwa ajili ya wanawake.

Majina haya ni mali ya Kiswahili, na yanapotea. Palipobaki neno, mara nyingi fasili ni ile ile ya "aina ya ushanga", au huongezwa rangi tu. Tumekwisha kuona katika nyuki bambi jinsi rangi peke yake inavyodanganya. Shanga zenyewe zingalipo, katika makumbusho, katika makaburi yaliyochimbwa, katika mikufu ya mabibi. Jina na kitu vimeachana ilhali vyote viwili vingali hai, na anayeweza kuviunganisha tena ni mtafiti atakayeshika ushanga mkononi na kuuliza ulizaliwaje.

Kwa sami-sami kazi hiyo yawezekana hata sasa. Burton hakuishia kwenye rangi. Alieleza kwamba wekundu ulikuwa umevishwa juu ya kioo cheupe. Hiyo ni alama ya utengenezaji, sawa na ile ngozi nyembamba ya Marble King, na yaweza kuhakikiwa kwa kuutazama ushanga uliovunjika au kuuchungulia katika tundu lake. Wakusanyaji wa shanga wanazo shanga za namna hiyo na huziita mioyo myeupe. Wengine huziita kwa jina la Kifaransa lenye maana ya akiki ya Aleppo. Hazikuwa akiki, wala hazikutoka Aleppo, zilitoka Venice.

Twapendekeza basi fasili ya majaribio, iliyoandikwa kwa mpango ule wa wakusanyaji wa gololi, yaani mata, namna ya kutengenezwa, alama ya kutenganisha, kisha asili na matumizi, na jina likaachwa lijitegemee:

sami-sami: ushanga mdogo wa kioo wenye tabaka mbili, nje nyekundu na ndani nyeupe, weupe ukionekana tunduni au palipovunjika, hutofautiana na ushanga mwekundu wa kawaida ambao ni mwekundu hadi ndani. Uliletwa pwani kutoka Ulaya na kuchukuliwa bara na misafara katika karne ya 19.

Merikani, ile ya ushanga, haiwezi bado kuandikwa hivi. Tunajua ilikuwa nyeupe na tunajua ilipokewa wapi. Weupe huo ulikuwa mzito au wa kupitisha mwanga, na ushanga wenyewe ulikatwa kutoka mrija au ulizungushwa juu ya waya, ni mambo ya kutazamwa katika shanga nyeupe zitakazopatikana Ufipa.